Mgunga wa Mpakani

Mche husema, mti hunyamaza. Mmeuliza neno hili limetoka wapi. Basi mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio nipeni mimi. Methali yenyewe ilianza hivi.

Ndugu wawili, Chidawali na Malogo, walipakana mashamba, na kila mmoja alipanda mgunga mpakani. Chidawali alitoa mbegu yake bondeni, Malogo akatoa yake mlimani. Migunga hiyo ni jamii moja. Ikishakua, miiba ni ile ile, maua yale yale, maganda yale yale. Baada ya miaka kadhaa, mti mmoja ukakauka, ukakatwa kuni. Malogo naye akafariki.

Hapo Chidawali akauzungushia ua wa miiba mti uliobaki. "Huu ni wangu," akasema. "Uliokufa ndio wa marehemu."

Sechelela, mjane wa Malogo, tegemeo lake lilikuwa mbuzi, na kiangazi mbuzi wa huko huishi kwa maganda ya mgunga. Alikwenda kwa wazee. Wazee wakautazama mti, wakapapasa gome, wakakuna vichwa. Mbuzi wake wakaanza kufa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alikwenda kwa shemeji yake kuomba samadi.

"Zoa tu," Chidawali akamwambia. "Samadi sikunyimi. Ninachokunyima ni maganda tu."

Sechelela akainama na jembe, kisha akalishusha chini bila kuchimba. Zizi lilikuwa limeota miche ya mgunga, maana mbuzi hula ganda, na mbegu nyingine huzitoa nzima.

"Shemeji, hebu njoo. Mche wa mgunga wa bondeni, shina lake rangi gani?"

"Kijani. Mtoto yeyote aliyechunga anajua."

"Na wa mlimani?"

"Jekundu." Akatazama chini, akakohoa. "Labda mbuzi walipanda mlimani."

"Mbuzi gani, shemeji? Si wewe uliyetutambia kiangazi kizima kwamba wako wanalishwa maganda ya mti huo zizini kama maharusi?"

Mkewe Chidawali, aliyekuwa akikamua pembeni, akageuza uso asionekane akicheka.

Chidawali akang'oa mche, akang'oa na mwingine kule kwenye kona. Mashina yote mekundu. Alichukua panga, akaenda mpakani kuuondoa ule ua, na mbuzi wa Sechelela wakaingia kuokota maganda yaliyobaki.

Watu wakawauliza wazee, "Nyinyi mlishindwa, kesi imeamuliwa na nani?"

Mzee mmoja akajibu, "Sisi tuliuliza mti. Mche husema, mti hunyamaza."