Tangi la Mwajabu

“Cha kivulini hakikuzwi juani.” Mmemsikia shangazi yenu akiisema, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Pale Muheza alikuwapo fundi cherehani, Semboja, aliyemwoa mjane aitwaye Siwema. Siwema alikuja na binti yake, Mwajabu, naye binti akaja na tangi la kioo aliloachiwa na marehemu baba yake. Halikuwa na samaki. Lilijaa mimea ya majini iliyotoka kwenye vijito vya msituni, ambako miti imesongamana hata jua halifiki chini. Mwajabu aliliweka kwenye pembe yenye giza ukumbini, na kila atokapo shule akawa anakaa hapo.

Semboja alimpenda mtoto yule, lakini mtoto hakumsemesha. Akiamkia, ameamkia, baada ya hapo, kimya. Jambo hilo lilimuuma. Akawa anamwita mbele ya wageni asome, aimbe. Mtoto akazidi kujikunyata.

“Mwache, atazoea,” Siwema alimwambia.

“Atazoea lini? Watu watasema namtesa.”

Siku moja, Mwajabu akiwa shule, Semboja alitaka kumfurahisha. Akalihamishia tangi dirishani. Jua likamwagika ndani, majani yakametameta. Mwajabu aliporudi akaliona, akainamisha kichwa. Semboja akadhani ni haya tu.

Haukupita muda mrefu, maji yakageuka kijani. Utando wa utelezi ukayafunika majani, mengine yakawa manjano na kutoboka. Semboja alikuwa ameinama akiyatazama kwa fadhaa aliposikia kwikwi nyuma yake.

“Baba yangu aliiweka gizani,” alisema Mwajabu huku analia. “Haipendi jua! Inakua polepole, ndivyo ilivyo. Wewe umeiua!”

Alikuwa hajapata kumwambia maneno mengi kiasi hicho. Semboja hakujitetea.

“Nilitaka ipendeze upesi,” alisema. “Nisamehe, mwanangu. Nifundishe.”

Wakalirudisha tangi penye kivuli, wakabadilisha maji, wakayafuta majani moja moja kwa kitambaa laini. Mwajabu akaeleza kwamba mashina ya mimea ile yakifukiwa mchangani huoza, hivyo hufungwa juu ya jiwe. Semboja akakata uzi wake wa kushonea, wakafunga.

Tangu hapo hakumwita tena mbele ya wageni. Jioni alileta kigoda na nguo za kupinda, akakaa karibu naye akishona, bila kumuuliza kitu. Baadhi ya mimea ilikufa. Mingine ilibaki vilevile, hata Semboja akaanza kukata tamaa. 

Alasiri moja, akiwa barazani na mteja, alisikia sauti kutoka ndani: “Baba! Baba, njoo uone!”

Jani jipya lilikuwa limechomoza, dogo kama ukucha. Semboja alichuchumaa kulitazama, lakini macho yalimjaa machozi, hakuliona vizuri.

Mteja, aliyekuwa jirani yao, alishangaa. “Fundi, umemfanyaje mtoto huyu hata akakuita hivyo?”

Semboja alijifuta uso kwa mkono wa shati, akajibu, “Sikumfanya kitu. Cha kivulini hakikuzwi juani.”