Ukuta wa Mwangoni Ulivyopata Kiwiko

Hapo kale bandari ya Mwangoni haikuwa na kinga. Kusi likivuma, mawimbi yaliingia kama ng'ombe waliovunja zizi, yakayaponda matishali yaliyoshusha mizigo ya meli, na mabaharia waliokuwamo wakafa.

Serikali ya kikoloni ikaamuru ujengwe ukuta wa mawe kutoka ufukweni hadi kijisiwani. Watu wa mtaa wa Kisimani waanzie ufukweni, wa Mabandani waanzie kijisiwani, wakutane katikati. Lakini mitaa hiyo ilishindana kwa ngoma kila mwaka, na walioshindwa walitungiwa wimbo wa kuchekwa mpaka mwaka wa pili. Basi hakuna aliyekubali kumuuliza mwenzake anaelekea wapi.

Mwanakheri, aliyewapikia uji wajenzi wote, aliona mapema kwamba kuta zinapishana. Mumewe Sururu alifanya kazi tishalini, na kusi lilikuwa karibu.

"Mjomba Makame," alimwambia msimamizi wa Kisimani, "pindeni kidogo."

"Tupinde tuimbwe? Wapinde wao, shingo zao laini."

Akamwendea Shomari wa Mabandani.

"Sisi tumenyooka, mwanangu. Waambie hao vipofu wa Kisimani."

Mwanakheri alichoshwa nao. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hawakuwa watu wabaya. Juzi tu Shomari alipopondwa kidole na jiwe, Makame alichana kilemba chake akamfunga, huku wanatukanana.

Siku kusi lilipoanza, Sururu akiwa na tishali lake huko melini, Mwanakheri alimwachia mama yake mtoto. Maji yalikuwa yamekupwa. Akabeba sufuria ya uji hadi kwenye mwamba uliokuwa kati ya kuta mbili, akaketi.

"Uji uko hapa," alisema. "Mwenye njaa ajenge njia."

Wakacheka. Maji yakajaa, wimbi likamlowesha magoti, naye hakuondoka. Vicheko vikaisha.

"Mwanamke huyu atatutia msibani," Makame alinung'unika, akatupa jiwe upande wake. Ng'ambo, Shomari naye alikuwa ametupa lake. Wakatupa wote, bila kutazamana, mpaka mawe yakakutana mwambani. Jioni tishali la Sururu likaingia kwenye maji yaliyotulia, naye akanywa uji uliopoa.

Na tangu siku hiyo ukuta wa Mwangoni una kiwiko katikati. Ukiuliza nani alipinda kwanza, kila mtaa utautaja mwingine. Mwanakheri aliulizwa hivyo mpaka akazeeka. Alijibu kwamba alikuwa akikoroga uji, hakuona.