Wavamizi Wasio na Mfalme

Wapendwa, kabla hamjafunga Biblia zenu, nisikilizeni kisa cha mume na mke waliokosana kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Msicheke kwanza. Mtacheka nikimaliza, kama mtaweza.

Palikuwa na kijana mmoja, tumwite Anaeli, na mkewe Nsia. Ndoa yao ilikuwa bado mbichi. Jumamosi moja ya mvua walikaa mezani wakitazamana, kila mmoja na kompyuta yake, wakicheza mchezo wa kujenga falme. Mchezo wenyewe ni wa zamu: unapanga mambo yako, ukimaliza unampisha mwenzako. Nchi yote imefunikwa na ukungu. Unaona pale tu walipo watu wako. Anaeli alikuwa na mji wake, Nsia na wake, na waliahidiana kuwa majirani wema.

Sasa, katika mchezo huo kuna vijikundi vya wavamizi. Havina mfalme, havina mji, havina mtu wa kupatana naye. Vina kambi tu, zinazoota humo kwenye ukungu kama uyoga. Hutuma mpelelezi mmoja. Akiuona mji wako akarudi salama, jiandae. Anaeli hakulijua hilo. Yeye aliona tu shamba lake la ngano linaungua. Akawafukuza. Wakaja wengine, wamepanda farasi. Akawaua. Wakaja wengine tena, wakambebea wajenzi wake mateka.

Jamani, mtu huyu alichanganyikiwa! Hawa wanatoka wapi? Wanakula nini? Farasi wamepewa na nani? Akaikodolea macho ramani yake, akaona jambo moja tu: wote hutokea kaskazini. Na kaskazini yuko nani? Yuko Nsia.

"Mke wangu," akasema, "mbona wewe hawakuvamii?"

"Nani kasema hawanivamii? Cheza, zamu yako."

"Nakuuliza vizuri. Hawa watu ni wako?"

Nsia akainua macho. "Anaeli, wale si wa mtu."

"Hakuna kitu kisicho na mwenyewe," akajibu Anaeli, na sauti yake haikuwa tena ya mchezo.

Mnamwona? Mtu akipigwa na kitu asichokielewa, hutafuta sura ya kukivika. Na sura iliyo karibu ni ya nani, kama si ya yule anayekula naye meza moja?

Basi Anaeli akavunja ahadi. Akakusanya askari wake wote, hata walinzi wa lango, akaushambulia mji wa Nsia. Kilichomshangaza ni kwamba ukutani hapakuwa na mlinzi hata mmoja. Mji ukaanguka kama kibanda cha makuti. Nsia akaifunga kompyuta yake, akaenda jikoni.

Katika mchezo ule, ukiuteka mji unapata na macho yake. Ukungu ukafunguka, na Anaeli akaona kile ambacho mkewe alikuwa akikiona tangu asubuhi. Kulikuwa na njia nyembamba kati ya milima, na ng'ambo yake kambi za wavamizi, zimefurika. Na askari wa Nsia, wote, walikuwa wamejipanga kwenye njia ile, majeruhi, wamempa Anaeli mgongo. Wale waliomchomea ngano walikuwa wachache walioponyoka. Kisha, kwa kuwa ufalme wao ulikuwa umeanguka, askari wale wakatoweka, na njia ikabaki wazi.

Akamfuata mkewe jikoni. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza wanatoka wapi," alisema Nsia. "Uliniuliza ni wa nani."

Anaeli akasimama mlangoni. Alitaka kusema ni mchezo tu. Lakini machozi yaliyokuwa yakimtoka Nsia hayakuwa ya mchezo.

Ndugu zangu, tunapigwa, na hatujui na nani. Maneno haya yaliyoigawa kwaya yetu, aliyaanzisha nani? Mimi mchungaji wenu sijui. Nimeuliza hadi nimechoka. Ninachojua ni kwamba tayari tumempata wa kumlaumu, na tumemwacha akae peke yake kwenye benchi. Je, tumejuaje kwamba siku zote hizi hakuwa akiyazuia mengine, mabaya zaidi, yasitufikie? Nani kati yetu alimwendea akamuuliza, "Dada, na wewe yanakuumiza? Kutoka hapo ulipo, unaona nini?"

Mwendeeni leo, angali amesimama kwenye njia ile.