Fundi Aliyezoea Kubonyeza

Ndugu zangu, wekeni Biblia pembeni kidogo, hazitakimbia. Leo nina mfano mmoja, na nawaambia mapema kwamba sikuja hapa nikiwa mpole. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikifika mwisho hatapata nafasi.

Alikuwepo fundi mmoja wa kompyuta. Fundi kweli, si wale wa kupuliza vumbi na kukuambia mashine imepona. Kompyuta yake ilitumia Linux, mfumo ambao mwenye mashine anaweza kuufungua na kuupanga atakavyo, na yeye aliupanga mpaka ukamkaa kama shati la kushonewa. Kipanya alikiona ni kitu cha wanaojifunza. Kila kazi aliitengenezea njia ya mkato kwenye kibodi: vitufe viwili pamoja, dirisha linafunguka, vitatu pamoja, linahamia upande wa pili. Ungemwona kazini ungedhani anapiga kinanda cha kwaya. Na alijisifu, "Mikono yangu haiondoki kwenye kibodi." Je, hapo kuna dhambi? Hakuna. Mtu kuipanga meza yake vizuri si dhambi, na kosa ninalokwenda kulisema halikuwa la mashine.

Siku moja akajiwa na nesi wa zahanati ya kijijini, mama wa makamo. Shida yake ilikuwa friji ya chanjo za watoto. Umeme wa kule unakatika bila kuaga, na chanjo ikipata joto imekwisha, hata ukiirudisha kwenye baridi. Alitaka kisanduku cha kukaa juu ya friji, chenye betri yake, kipime joto saa zote na kupiga king'ora joto likipanda. Fundi akasema, "Hiyo ni kazi ndogo sana, Sista."

Akaiandika programu kwenye kompyuta yake ya mezani, akawa anaijaribu hapohapo kabla ya kuihamishia kwenye kompyuta ndogo, isiyozidi kipande cha sabuni, ambayo ndiyo ingekaa ndani ya kisanduku. Sasa sikilizeni vizuri. Programu ile ilikuwa na hitilafu. Baada ya saa kadhaa ilikuwa inakwama: namba ya joto inabaki palepale, hata ukitumbukiza kipimo kwenye kikombe cha chai ya moto. Siku ya kwanza fundi akakunja uso, akaizima, akaiwasha, ikaenda. Siku ya pili ikakwama tena. Akawaza, kulitafuta kosa hili kutanila wiki nzima. Akafanya nini? Akalitengenezea njia ya mkato! Vitufe vitatu pamoja, programu inazimwa na kuwashwa upya kabla hujapepesa jicho. Akafurahi kuliko ambavyo angefurahi kama angeliondoa kosa lenyewe.

Mazoea yana taabu. Wiki ya kwanza alibonyeza akijua anabonyeza. Wiki ya tatu vidole vilibonyeza vyenyewe, yeye anaongea na simu. Wiki ya nne, ungemuuliza kama programu ina shida, angekuapia kwamba haina.

Nesi akaja kuchukua kisanduku chake.

"Fundi, umekijaribu lakini?"

"Mwezi mzima, Sista. Hakijawahi kunisumbua."

Nawauliza, alikuwa anadanganya? Hapana! Hilo ndilo linaloniudhi. Mwongo ningemwelewa, waongo tunawajua, wengine tumekaa nao benchi moja. Huyu aliamini kila neno alilolisema.

Nesi akauliza tena, "Mimi huwa naandika joto la friji kwenye karatasi niliyoibandika mlangoni pake, asubuhi na jioni. Niendelee?"

"Karatasi ya nini tena, Sista? Ibandue. Tumeshatoka huko."

Na yule mama, kwa kumheshimu mwenye elimu, akaibandua. Miaka kumi na moja alikuwa akiandika kwenye karatasi ile, na friji yake haikuwahi kumtia aibu.

Kisanduku kikakaa juu ya friji. Kila asubuhi anakitazama: nyuzi nne. Jioni: nne. Kesho yake: nne. Anamshukuru Mungu, anaendelea na kazi. Kumbe kilikwama siku ileile ya kwanza. Umeme ukakatika siku mbili, friji ikageuka kabati, kisanduku kinasema nne. Siku ya chanjo ikafika. Akina mama wamepanga foleni tangu alfajiri, watoto mgongoni, wengine wamevuka mto kwa miguu. Nesi anatia mkono kwenye friji, anashika chupa, chupa ina uvuguvugu kama maji ya kuogeshea kichanga. Akatoka nje mikono mitupu, akawaambia warudi nyumbani. Na surua ilikuwa imeshaingia kijiji cha pili.

Kesho yake nesi akamrudia fundi, kisanduku kimefungwa kwenye kanga. Hakupiga kelele. Alikiweka mezani, akasema, "Nionyeshe kinavyofanya kazi."

Fundi akaudhika. Akafungua programu ileile kwenye kompyuta yake ya mezani. "Tazama mwenyewe, Sista. Hapa programu haina shida yoyote. Labda huko kwenu mmekigusa."

Mama akavuta kiti, akakaa. Akakaa saa nne nzima, hakula, anatazama. Mara namba ikakwama, na mkono wa fundi ukaenda kwenye kibodi, vitufe vitatu, namba ikaanza tena kwenda.

"Hapo umefanya nini?"

"Wapi?"

"Hapo. Mkono wako umefanya nini?"

Fundi akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Fundi," yule mama akasema, "kwenye kisanduku changu hukuweka kibodi. Nani angebonyeza?"

Naona mnatikisa vichwa. Mnamsikitikia nesi, mnamlaumu fundi. Msiharakishe! Nani kati yetu hana vitufe vyake vitatu?

Nyumba ngapi humu zina baba mwenye hasira? Msitazamane, nitazameni mimi. Baba anaingia, chai imepoa, anafura, kikombe kinakwenda ukutani. Na nyumba nzima inajua pa kubonyeza. Mama anasema upesi, "Ingieni chumbani wanangu, baba amechoka." Binti mkubwa anaokota vipande. Bibi anaanzisha pambio. Dakika tano nyumba imetulia, na Jumapili mko hapa mmevaa sare, nikiwauliza habari za nyumbani mnanijibu, "Salama kabisa, Mchungaji." Na mnaamini! Mmeshabonyeza miaka ishirini, hamwoni tena mkono unapokwenda. Tunapenda kuimba kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatuzibi, tunapaka chokaa, na chokaa ikikauka tunaita amani.

Na kijana wa kiume amekaa palepale anatazama. Anachukua yote ya baba yake, kisha tunamshonea suti, tunamchangia harusi, tunamtoa aende akaanze nyumba yake. Tunampeleka na hitilafu yetu, kule tusikofika. Na asiondoke mtu hapa akisema Mchungaji amefundisha kwamba bibi harusi angejifunza kubonyeza kama mama mkwe. La hasha! Nakataa kwa nguvu zangu zote. Hakuna binti aliyeumbwa kuwa dawa ya hasira ya mwanamume. Kosa liondolewe lilipo, na lipo kwetu.

Alhamisi nilikuwa hospitali. Kitandani amelala binti wa watu niliyemfungisha ndoa mimi mwenyewe, mbele ya madhabahu hii, miezi mitano iliyopita. Taya limefungwa kwa waya. Kuongea hawezi, lakini aliniandikia kwenye kipande cha karatasi: sema kanisani. Kwa hiyo nasema. Mama mkwe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, analia kwa uchungu wa kweli, ananiambia, "Mchungaji, mwanangu nyumbani hakuwa hivi."

Alikuwa hivi, mama. Alikuwa hivi tangu ana miaka kumi na mitano, na baba yake alikuwa hivi kabla yake. Ulikuwa unawahi tu kubonyeza.

Na mimi je? Mara tatu niliitwa nyumbani kwa mama huyu. Mara tatu nilikuta kiti kimevunjika na watoto wametumbua macho. Nikafanya nini? Nikaomba dakika kumi, nikanywa soda, nikawaambia amani ya Bwana ibaki hapa, nikashika njia. Kisha kijana alipokuja kuandikisha ndoa, nikamuuliza kama amebatizwa. Nikamuuliza kama amelipa mahari. Kama anampiga mtu, sikumuuliza! Nikasaini cheti kwa kalamu hii iliyo mfukoni mwangu, nikala pilau, nikapiga makofi. Nimejikasirikia siku tatu hizi, na kuwakasirikia ninyi nawakasirikia pia, kwa sababu wengi wenu mlijua zaidi yangu.

Leo hatutaimba wimbo wa kutoka, wala sitanyoosha mikono niwabariki mwende mkapike. Akina mama, chukueni watoto mtangulie, na wawili wenu wapitie hospitali, binti yule hana ndugu mjini hapa. Akina baba, na vijana wote mnaotaka kuoa, kaeni mlipo. Mzee wa kanisa, usitazame saa. Kila mmoja atasimama aseme nani anamwogopa nyumbani kwake, na naanza mimi.