Hodi Mbili za Bi Kidawa

Sogeeni, sogeeni mkekani. Wewe, acha kumfinya mwenzio. Nyamazeni, ngano haipendi makelele. Paukwa!

Pakawa!

Zamani, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na nchi mbili, Usimbi na Ugama. Katikati mto, na juu ya mto daraja la kamba. Usimbi walisuka nusu, Ugama wakasuka nusu. Watu wakipita, nesa-nesa, nesa-nesa.

Siku moja mfalme wa Usimbi akasema, "Daraja langu." Wa Ugama akasema, "Langu mimi!" Wakaweka walinzi, na amri ikawa moja pande zote: apitaye atupigie hodi, maana mwenye mlango hapigi hodi kwake.

Lo! Walinzi wakakutana katikati.

"Karibu!"

"Karibu wewe! Piga hodi!"

"Piga wewe!"

Daraja kacha, kacha. Hakuna aliyepita. Mbuzi wakasimama, harusi zikasimama.

Usimbi alikuwako mkunga mzee, Bi Kidawa. Mwanawe Saada kaolewa Ugama. Asubuhi moja ikaja sauti toka ng'ambo: "Bi Kidawa ee! Saada ana uchungu tangu juzi, mtoto hageuki!"

Akashika mkoba wa dawa. Watu wakamzunguka. "Mama, ukipiga hodi umewapa daraja!" Kichwa kikamvurugika. Hii nchi yake, yule mwanawe. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Hajui lipi ni lipi. Nesa-nesa, hata katikati.

Mbele yake Shomari, mlinzi wa Ugama, mkuki mkononi.

"Piga hodi, mama."

"Shomari, mimi ndiye niliyekupokea. Ulitanguliza miguu. Ulimpigia nani hodi?"

Watu kwa-kwa-kwa! Shomari akaitazama miguu yake. "Amri, mama."

Kule ng'ambo Saada akapiga yowe. Bi Kidawa akasema, "Hodi."

Ngoma za Ugama, ndi! ndi! ndi! Daraja letu! Usimbi wakatema mate.

Siku ya tatu akarudi. Mtoto kazaliwa, wa kike, na Saada mzima. Katikati ya daraja akawakuta watu wake wamemkunjia uso, njia hawampi. Akasema, "Hodi, watu wa Usimbi."

Kisha ngoma za Usimbi nazo, ndi! ndi! Daraja letu! Wafalme wakaja mbio, huyu huku, yule kule, wakatazamana kama kuku walionyeshewa.

"We mama! Daraja la nani sasa?"

"Sijui, baba. Mimi nilimsikia mwanangu analia."

Nao hawakujua. Walinzi, kila mmoja keshapigiwa hodi yake, wakaenda kula. Watu wakapita.

Wanangu, mkishindania njia, kumbukeni kuna mtu anasubiriwa upande wa pili.

Ngano yangu imefika ukingoni. Wana wa wafalme walirithi zile ngoma. Ugomvi haukupata mrithi. Na yule mtoto wa Saada alirithi mkoba wa bibi yake, akawazalisha wanawake wa kingo zote mbili.