Jinsi Mji wa Ngojeni Ulivyopata Jina

Mwanamke mmoja alikuwa na mume, na mto ukamchukua. Mwanamke huyo aliitwa Wakesho. Mumewe, Mwakio, alikuwa akivuka kwa miguu kurudi nyumbani, mchana, jua likiwaka, maji yakimfika chini ya goti. Mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani, mahali asipopaona. Maji yakateremka kwa kishindo, na Mwakio hakuonekana tena.

Matanga yalipokwisha, Wakesho hakurudi kwa wazazi wake kama watu walivyotazamia. Alifunga vyombo vyake, akashuka hadi kivukoni, akajenga kibanda ukingoni. Jamaa zake walisema huzuni imemvuruga akili. Hapakuwa na mtu mahali pale. Palikuwa na miiba, vumbi, na njia ya kupeleka ng'ombe sokoni, ng'ambo ya mto. Akalima muhogo. Polepole akaujua mto: harufu ya tope inayotangulia maji, na mngurumo kama wa mawe yanayosagana huko juu. Kila alipousikia alitoka mbio akiwaita wapita njia, "Ngojeni!" Wengi walitii. Wengine walivuka, na mara nyingine maji hayakuja, wakamcheka. Hakuacha.

Siku moja akafika Barisa, mfanyabiashara wa mifugo, pamoja na mkewe, watoto wanne, mifugo ya kuuza, na punda waliobeba mizigo. Soko lilikuwa kesho yake. Wakesho akaita. Barisa akatazama juu, hakuona wingu, akamsukuma punda wa kwanza. Ndipo Wakesho alipoingia mtoni, akaishika kamba ya punda yule.

"Niondokee, mama," Barisa akasema. "Maji yenyewe hayafiki hata magotini."

"Mume wangu naye aliona hivyohivyo, baba. Nipige ukitaka, lakini kamba siiachi."

Barisa aliinua fimbo. Mkewe aliwashika watoto mikono, akawarudisha ukingoni. Barisa akawafuata akinung'unika. Hawajaketi, maji yakashuka yamebeba mti mzima na mizizi yake.

Walikaa siku tatu, wakila muhogo wa Wakesho. Maji yalipopungua Barisa alivuka, akauza mifugo kwa bei aliyoikuta, akarudi, akajenga duka kando ya kibanda kile ili wanaongoja wapate unga na chumvi. Akaja mwenye mashine ya kusaga. Ikajengwa zahanati, kisha msikiti, kanisa na shule. Msafiri akiulizwa amelala wapi, alijibu, "Kwa yule mama wa ngojeni." Baadaye watu wakafupisha, wakasema tu Ngojeni.

Miaka ikapita. Kaunti ilipotafuta mahali pa makao yake makuu, miji miwili mikubwa iligombania heshima hiyo, mmoja upande huu wa mto na mwingine upande ule. Mwishowe ikachaguliwa Ngojeni, kwa kuwa watu wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuzoeana hapo. Afisa aliyeleta ramani aliona jina lile halifai kwa mji wenye ofisi ya gavana. Akamwendea Wakesho, ambaye sasa alikuwa bibi mwenye mvi, akamweleza kwamba wangependa kuuita mji kwa jina lake.

Akajibu, "Mwanangu, jina langu halikumzuia mtu kuingia majini. Andika neno lililowazuia."

Likaandikwa. Leo mto ule una daraja, na watoto wanaozaliwa mjini hawajui kuuogopa.

Ndugu zangu, hata sisi tumefiwa, na kila mmoja wetu anapajua mahali palipomuumiza. Je, ni nani anayepita hapo salama leo kwa sababu sisi hatukupakimbia?