Hatamu ya Choroa

Nyinyi mliomwona choroa leo asubuhi kule kwenye uwanda wa magadi mkarudi mkibishana, acheni ubishi. Kila mmoja wenu ameona sawa. Uso wa choroa ni mweupe, na juu ya weupe ule kuna michirizi myeusi: mmoja umezunguka pua, mingine imepita machoni ikashuka mashavuni, na mwingine umeteremka kooni hadi kifuani. Ukimtazama kwa haraka utaapa kwamba ni mnyama wa mtu, amefungwa hatamu kisha akatoroka nayo. Lakini hana mwenyewe, na kamba yenyewe haipo. Basi kaeni chini. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana hadithi hii haina mahali pa kuruka.

Ulikuwapo wakati ngamia hajafika huku. Nchi ilikuwa hii hii: mlima Kulal umesimama na mawingu yake unayoyafanyia uchoyo, mawe meusi yamemwagika miguuni pake, na baada ya mawe, jangwa. Watu walihama kama tunavyohama leo, wakifuata nyasi. Nyumba zilikuwa za fito na mikeka, na zilikuwa mali ya wanawake. Ila aliyezibeba ni choroa, na siku hizo uso wake ulikuwa mweupe mtupu, hauna hata doa.

Choroa hakukamatwa wala hakupigwa hata akatii. Alikuja mwenyewe akakubaliana na wanawake, na makubaliano yao yalikuwa mepesi. Mchana ni wa watu: atafungwa hatamu, atapakiwa nyumba, atakwenda anakoongozwa. Jua likizama, wakati ni wake. Mzigo ukishushwa tu, mwanamke aliyefunga hatamu aifungue kwa mkono wake, kabla hata hajalowesha midomo yake kwa maji, na asimwulize choroa anakwenda wapi. Kulipokucha choroa alirudi kwa hiari yake, akainamisha kichwa afungwe. Mambo yakaenda hivyo vizazi na vizazi, na hakuna aliyekumbuka siku ambayo upande mmoja uliyavunja.

Sasa, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Talaso. Mumewe alikuwa mbali na mbuzi, akitafuta malisho upande wa pili wa mlima. Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, Bibi Qabale, na binti yake Tume, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Nyumba yao ilibebwa na choroa jike aliyeitwa Adi, mpole, mwenye pembe ndefu zilizonyooka, na Talaso alimpenda hata akamwekea mkeka laini kuliko wa kulalia mwenyewe, usije mzigo ukamchubua.

Talaso hakuwa mvivu wala hakuwa mbaya. Kasoro yake, kama ni kasoro, ni kwamba hakuweza kuliacha jambo lipite bila kulichokonoa. Alipokuwa msichana alikibomoa kiota cha kwera ili ajue kimefumwa vipi, kisha akalia kutwa nzima kwa sababu alishindwa kukirudisha kilivyokuwa. Alipoolewa aliuliza kwa nini upepo wa jangwani una ladha ya chumvi, na kwa nini pimbi hulitazama jua bila kupepesa macho. Bibi Qabale alikuwa akimtania: "Wewe mwanangu, siku moja utaukimbiza moshi uuulize unalala kwa nani."

Ukaja mwaka mbaya. Mawingu yalikaa mlimani yakagoma kushuka. Visima vilikauka kimoja baada ya kingine, na kile kilichobaki kilitoa tope ambalo lilipaswa kuachwa litulie tangu asubuhi hadi jioni ndipo mtu apate cha kunywa. Mbuzi walikufa wamesimama. Wanyama wa mizigo hawakupewa maji tena, kwa sababu yalikuwa hayawatoshi hata watoto. Tume aliacha kutembea. Midomo yake ilipasuka, na alipolia hakutoa machozi. Talaso alimpakata huku moyo unamchomachoma, maana hakuna kitu kinachotisha kama mtoto anayelia makavu.

Na katikati ya dhiki ile, choroa walinawiri. Walirudi kila asubuhi matumbo yamejaa, ngozi zinang'aa. Siku moja Talaso alipokuwa akimfunga Adi hatamu, mkono wake ukagusa pua yake. Ilikuwa imelowa. Akaigusa tena, akailamba mikono yake mwenyewe kama mwehu. Yalikuwa maji, baridi na matamu, hayakuwa na tope wala magadi.

"Mama," akamwambia Bibi Qabale, "choroa wana chemchemi yao. Iko mahali fulani, na wanatuficha."

"Hawatufichi," akajibu Bibi Qabale. "Sisi ndio tuliokubali tusiulize."

"Mtoto anakufa, mama."

Bibi kizee akamgeukia Tume. Na yeye alikuwa na macho, alimwona mjukuu wake alivyo.

Tangu zamani wako waliojaribu kuwanyemelea choroa kwa siri, wakaambulia patupu. Mnyama yule ni mwepesi, na kwenye mawe meusi haachi unyayo. Lakini Talaso alikuwa ameshapata njia. Jioni ile msafara ulipopiga kambi, wanawake wote walishusha mizigo, wakafungua hatamu, kisha ndipo wakayagusa maji yao kidogo. Adi naye akainamisha kichwa kwa Talaso kama alivyozoea, akangoja. Talaso alimpapasa shavu. Badala ya kufungua fundo akalikaza, na chini ya koo akafunga kengele ya mti, ile iliyokuwa ya beberu wao aliyekufa.

"Ni leo tu," akamnong'oneza. "Nisamehe. Ni leo tu."

Adi hakuondoka. Alibaki ameinamisha kichwa, akidhani labda amesahaulika, hata wenzake walipokuwa wameshaanza kwenda. Mwishowe akageuka, na kengele ikalia ko-ko, ko-ko, kuelekea mlimani. Bibi Qabale aliisikia, akamkumbatia Tume, akamtazama mkwewe.

"Hatamu nayo ni mzigo, nawe umemlaza mnyama nao," akasema.

Talaso alichukua kibuyu, akajitanda nguo yake ya kichwani, akaifuata sauti ile.

Alitembea gizani akijikwaa kwenye mawe, vidole vinatoka damu. Kila sauti ilipofifia alisimama na kutega sikio, roho mkononi, na kila iliposikika tena alikaza mwendo. Njia nzima alikuwa akiiona chemchemi ile akilini: pango labda, au ufa kwenye mwamba, na maji yanatiririka juu ya changarawe. Aliwaza jinsi atakavyorudi nayo kibuyu kimejaa pomoni, na wanawake watakavyomshangilia. Msimcheke. Mwenye kiu huota maji hata akiwa macho.

Anga ilipoanza kupauka alifika mahali ambapo choroa wote walikuwa wametulia. Alichungulia nyuma ya jiwe, akashangaa. Hapakuwa na pango wala ufa. Palikuwa na vichaka tu, vile vichaka vya kijivu ambavyo mchana ukivishika vinavunjika vumbi mkononi, vimetapakaa hadi chini ya mlima. Choroa walikuwa wanakula majani yake taratibu, hawana haraka wala wasiwasi.

Talaso aliwatazama, akitafuta chemchemi nyuma yao, kando yao, chini yao. Kisha akanyoosha mkono, akachuma jani. Lilikuwa laini. Akalifinya, na maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko. Kumbe mlima ule mchoyo haukuwa mchoyo kamwe. Kila alfajiri uliteremsha pumzi yake ya baridi, na vichaka vile vilivyoonekana vimekufa viliamka vikainywa, vikavimba, kisha jua likichomoza vilikauka tena kabla binadamu hajafumbua macho. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yote. Talaso akacheka kwa sauti pale pale, peke yake, kwa furaha ya kujua. Hata leo, ukiacha mengine yote, furaha ile hakuna wa kumnyima.

Ndipo akamwona Adi.

Alikuwa amesimama kando ya wenzake. Aliingiza pua kwenye kichaka, akaitoa, akaiingiza tena. Kamba ya hatamu ilikuwa imenyonya umande, na kamba za nyuzi zikinyonya maji hujikaza. Ilikuwa imembana mdomo hata hakuweza kuufungua. Maji yalikuwa yanamlowesha pua na hakuweza kuyameza. Alikuwa amekesha katikati ya chakula, na hakula hata jani.

Talaso alimkimbilia, na Adi hakukimbia. Aliinamisha kichwa, kama jioni ile, akampa fundo. Talaso akalishika kwa vidole. Fundo lilikuwa limevimba, gumu kama jiwe. Akalivuta kwa kucha, kucha zikakatika. Akaliuma kwa meno. Likalegea kidogo, kidogo sana, lakini likalegea.

Na hapo mwanga wa jua ukagusa kilele cha Kulal.

Talaso aliuona ukiteremka mlimani. Vichaka vya juu vilianza kugeuka kijivu. Akaelewa mara moja: mwanga ule ukifika hapa chini, maji yote yatakuwa yamekwenda, na hadi kesho hakuna mengine. Tume hana kesho. Mikono yake ilikuwa miwili tu, na kazi zilikuwa mbili, na kila moja ilitaka mikono yote miwili.

"Ngoja," akamwambia Adi. "Ngoja kidogo, mama, nakuja kukufungua."

Akaivua nguo yake ya kichwani, akaiburuta juu ya vichaka, akaikamua kwenye kibuyu. Akakimbilia vichaka vingine, akaburuta, akakamua. Matone yalikuwa machache, kisha yakawa yanasikika, kisha kibuyu kikaanza kuwa kizito. Hakutazama nyuma. Alifanya kazi ile huku analia na kuomba jua lichelewe, na jua halikuchelewa. Nguo ilipokwaruza majani yaliyokauka, akaziba kibuyu, akageuka.

Adi alikuwa amengoja. Hilo linajulikana, kwa sababu mahali alipokuwa amesimama palikuwa na alama za kwato zilizokanyaga hapo kwa hapo, mara nyingi. Lakini sasa alikuwa anakwenda, na choroa wote walikuwa wanakwenda naye, mmoja nyuma ya mwingine, kuingia jangwani. Talaso alipiga kelele, aliliita jina lake. Adi alisimama, akageuka, akamtazama. Talaso akakimbia kumwendea, kibuyu mkononi, na nguo ile iliyolowa imening'inia begani kama kamba. Adi akaitazama nguo ile, akageuka tena. Kengele ikalia ko-ko, ko-ko, hata ikanyamaza.

Tume alikunywa. Alikunywa tone baada ya tone kutoka kidoleni mwa mama yake, na jua lilipofika utosini alilia, na safari hii machozi yalitoka. Talaso akawaonyesha wanawake wote namna ya kukamua vichaka alfajiri, na hakuna mtoto aliyekufa kwa kiu mwaka ule. Wanawake walimshangilia kama alivyokuwa ameota njiani. Ni Bibi Qabale peke yake aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Na hatamu iko wapi?"

Talaso akaonyesha mikono yake mitupu, yenye kucha zilizokatika.

Choroa hawakurudi asubuhi ile, wala iliyofuata. Mvua ilipokuja, watu walihama wamebeba nyumba zao migongoni. Talaso alibeba fito na mikeka, na Bibi Qabale juu yake, na hakumnung'unikia mtu.

Miaka baadaye alimwona Adi kwenye uwanda wa magadi. Kamba ilikuwa imelegea ilipokauka, ikasagika kwenye mawe ikaisha, na kengele imeanguka asikokujua mtu, lakini pale ilipokuwa imembana palibaki peusi: puani, machoni, mashavuni, na kooni ilipokuwa ikining'inia kengele. Kando yake alikuwapo ndama aliyekwisha kukomaa, ambaye hajawahi kuguswa na kamba maishani mwake. Naye uso wake ulikuwa na hatamu.

Talaso aliinua mikono yake, akaifungua waone kwamba haina kitu, akawaendea polepole. Walimtazama, kisha wakaondoka. Kila alipowaona alifanya hivyo hivyo, hata alipokuwa kikongwe wa kutembelea fimbo. Fimbo aliiweka chini kwanza. Watu walimwuliza: kama asubuhi ile ingerudi, ungeanza na nani? Alimtazama Tume, aliyekuwa sasa mama wa watoto, akaokota fimbo yake.

Na tangu asubuhi ile choroa habebi nyumba ya mtu, na haji kisimani hata kukiwa na ukame wa namna gani. Ngamia alipofika, wanawake walimpokea kwa sharti lile la zamani, na hawajalivunja. Mmewaona mama zenu msafara ukifika, koo zimekauka, watoto wanalia, na bado hawagusi kibuyu mpaka hatamu imetoka. Mlidhani ni ukali.

Choroa naye akikuona hukimbia. Lakini kesho mtazameni vizuri, hakimbii moja kwa moja. Huenda kidogo, husimama, hugeuka, akaitazama mikono yako. Aliambiwa angoje.